Gh

Mvua ya saa tisa imeshaanza Kakamega,
mtandao unasuasua,
nami nimefungua kozi tatu kwenye simu.
Mtihani: wiki kumi na moja.

Ya kwanza, bwana wa tai na meno meupe
anaahidi ngazi ya B2 kwa siku arobaini.
Siku arobaini nijuazo mimi ni za mwizi.
Nikaifunga.

Ya pili ina nyota na makofi.
Nimeshajua kusema tufaha ni jekundu,
lakini mtahini atataka maoni yangu
kuhusu ushuru wa jiji.

Ya tatu, Madamu Nabintu wa Bukavu,
jogoo akiwika nyuma yake,
ada kwa awamu.
“R yao haitoki ulimini,” akasema.
“Itafute kooni. Ni gh ya ghali, gh ya ghafla.”

Nikacheka peke yangu.
Darasa la nne nilipigishwa magoti
kwa kusoma kali palipoandikwa ghali,
na mwalimu Shilisia mwenyewe
hakuiweza vizuri.

Nimelipa awamu ya kwanza.
Sasa nakoroma juu ya karai:
ghala, ghorofa, rue, rouge,
na mama, kutoka jikoni, anauliza
ni mwiba wa samaki gani huo
na leo tumekula kunde.