Kabla ya Honi, Lutoboka

Meli imefunga kamba, nahodha ametangaza:
saa kumi kamili. Atakayebaki, abaki.

Gatini Ssekabembe ameinua kibao,
elfu thelathini kwa kichwa, chai humo humo:
msitu, tumbili, mchanga mweupe, picha, kurudi.
"Bila mimi," asema, "mtaona miti tu."

Dada yangu Nakibuuka akalipa, akapanda gari.
Mimi nikashika njia ya michikichi,
kiatu kimoja kikinibana.

Nilipotea mara mbili. Msitu niliusikia tu,
ng'ambo ya kilima, ukipiga kelele za wengine.
Mwanamke aliyekuwa akianika dagaa
akaniuliza nimefuatana na nani.
"Sina mtu."
Akacheka, akanisogezea ndoo niketi,
tukageuza dagaa, upande huu, upande ule,
jua likitugeuza na sisi.

Saa kumi kasorobo nakimbia, honi inalia,
Nakibuuka yuko sitahani anapunga kofia.
Ana picha arobaini na majina ya ndege wote.
Mimi hata jina la kijiji sikuuliza.

Njia nzima ananichokonoa: sasa wewe uliona nini?

Nikampa mkono wangu anuse.