Kilomita Kumi na Tisa na Salamu Moja

Nimefunga kitambaa chekundu kwenye spoku ya mbele.
Kila kikipanda juu nahesabu moja,
na mizunguko mia nne na themanini,
Baya fundi ameniapia, ndiyo kilomita.
Kamati haina kipimo kingine,
wala haina pesa, ila ina daftari
na mwenyekiti anayependa neno "rasmi".

Nimetoka sokoni Marafa alfajiri, mvua imekatika juzi.
Kipande cha kwanza kizuri: mchanga umeshikana,
tairi linauma bila kuzama,
linalia kama mtu anayetafuna karanga mbichi.
Andikeni: juu pakavu, chini unyevu, mwendo wa raha.
Andikeni pia: mbigili zimeota
pembeni mwa kiwanja cha shule.
Atakayeiba kona ataziba pancha.

Ukingoni mwa Nyari nimeshuka.
Jina lenyewe lasema pamejivunja penyewe,
na bado panajivunja, hapajamaliza.
Njia ya mwaka jana, ile tuliyoisifu,
ile Chengo wa mikate aliyoipita mikono hewani,
haipo.
Namaanisha haipo.
Alama yetu ya chokaa naiona kule chini
mgongoni mwa bonge la udongo mwekundu,
mshale wake bado unaelekeza mbele,
kwa uaminifu,
kusiko na kitu.

Nimeisogeza njia hatua arobaini ndani.
Hapo linaanza shamba la Mbeyu Ngowa,
mahindi yamefika goti. Alikuwa akipalilia.
Nilikuwa elfu tatu mia moja na sita.
Akaniuliza nimeamkaje,
na mguu wa mama unaendeleaje,
na yule ndama, alisimama?
Salamu haijibiwi kwa tarakimu.
Nilipopanda tena, hesabu ilikwisha kwenda zake.

Amekubali tupite, kwa mstari mmoja.
Atakayevunja hindi
atarudi Jumatatu na jembe lake.
Hiyo iwe kanuni ya saba.

Korongo la kwa Kitsao, sina maneno mazuri.
Mfinyanzi mtupu, umeganda kwenye uma,
gurudumu likagoma kuzunguka
na baiskeli ikampanda mwenyewe:
begani, mita mia mbili, nikihesabu hatua
na kumtaja aliyependekeza njia hii.
(Ni mimi.)
Jua la siku tatu litapakausha.
Likikosa, leteni vijiti vya kukwangulia.

Waliojiandikisha ni kumi na wanne.
Chengo, anayesema mwaka huu atashika usukani.
Jefwa mgema, ambaye hatumsifu mapema.
Mwalimu wa hesabu, na kofia ya mjengo.
Na Sidi, miaka kumi na mitatu,
kwenye blakimamba ya babake,
mguu mmoja umepenya ndani ya fremu
maana tandiko kwake ni ghorofa.
Mwenyekiti anasema mshindani rasmi hukaa kitini.
Mimi nimemwona kwenye mteremko wa zahanati:
hakugusa breki hata mara moja.
Breki zenyewe hazipo, sawa,
lakini mngemwona.
Jina lake nimeliandika kwa kalamu, si kwa penseli.

Zawadi: tairi jipya, tyubu mbili,
na mbuzi, ambaye kamati ingali inambishania.
Yeye amekwisha kula mabango mawili
na kuacha neno MASHINDANO peke yake ukutani.

Usiku nimejumlisha kwa tochi ya simu.
Kilomita kumi na tisa na salamu moja.
Mwenyekiti anataka namba kamili.
Lakini salamu ya Mbeyu sijui urefu wake,
na sitaki kumrudia nikampite kimya
eti nipate kuhesabu vizuri.
Wakimbie hivyo hivyo.
Atakayetangulia shambani kwake
ajue ataulizwa ameamkaje,
na saa haitasimamishwa.

Naona matone yameanza juu ya bati.
Chokaa ya leo, sijui.
Kitambaa sijakifungua.