Nyigu, Kizazi cha Nne

Kazi yangu ni kupima.
Korosho, msimu wa kumi huu, ghala la chama, Newala.
Mkulima akisema themanini, nasema sabini na tisa na nusu;
tunabishana, tunasaini, tunaagana.

Basi Shazili Mkwavila alipoleta gari lake jipya,
Nyigu, kizazi cha nne,
tuliyemngoja miaka sita kwa picha za simu,
sikulisifu, sikulizunguka.
Nilisema: Lipandishe.

Likapanda mizani ya malori.
Tarakimu nyekundu zikakimbia, zikasita, zikakaa.
Elfu moja mia tatu na arobaini.
Langu, la kizazi cha pili, lenye kutu mlangoni,
ni mia tisa na kumi, na tairi la akiba ndani.
"Magunia matano na ushei, Shazili.
Umebeba korosho za nani?"

Hakucheka.

Zamani, enzi za lile lake la manjano,
nilimwandikia ubeti ndani ya kifuniko cha buti
kwa rangi ya kucha ya dada yake Somoe,
chupa mbili zikaisha:

*Nyigu mwana wa bandari, kiuno hakina nyama,*
*Kwenye kona yu hodari, akikunja hana noma,*
*Gia tatu ni habari, ya nne ni kama homa,*
*Wa kumi si wa safari, wawili ndiyo salama.*

Kumi na sita kila mstari. Hesabu kwa vidole.
Hakuna silabi iliyokalia mwenzake,
na gari lenyewe lilikuwa hivyo hivyo.

Tukateremka njia ya Masasi ili tupate kupanda.
Yeye mbele, nami ubavuni mwake.
Mngurumo ulikuwepo, mzuri hasa,
mpaka nilipotega sikio: unatoka kwenye spika.
Injini imenyamaza, redio inanguruma kwa niaba yake,
vigelegele vya kukodi.

Kona ya tatu, ile ambayo Nyigu wa manjano
alikuwa akinyanyua tairi moja la nyuma
kama mbwa kwenye nguzo,
hili lilipita na adabu zote, mabega sawa,
halafu likaandika kwenye kioo chake:
*Umechoka. Pumzika, unywe chai.*
Na kikombe kimechorwa, na mvuke.

"Nimechoka mimi?" Shazili akakiuliza kioo.

Mkono wake wa kushoto ukashuka kutafuta gia.
Ukashika chupa ya maji.
Akauacha pale pale, juu ya kizibo,
kama kilomita nzima.

Sisemi walioliunda ni wajinga.
Wamepima na wao, kwa mizani yao:
mifuko ya hewa, milango minene,
mafuta ya kwenda Mtwara na kurudi.
Kiti cha nyuma alikuwapo Binasa, bintiye, miaka minne,
kalala tangu kona ya kwanza, mdomo wazi,
kiatu kimoja kimemvuka.
Ndani ya langu hajawahi kulala.
Ndani ya langu hutapika.

Hilo nalo nililiona. Sikulisema.

Tuliporudi ghalani upepo wa ukingoni ulikuwa umeanza.
Nikalisogeza langu kivulini
nikatia jiwe nyuma ya gurudumu,
maana waya wa breki ya mkono umekwisha
na fundi Chinguile anasubiri waya, nami nasubiri malipo ya pili.
Shazili akabonyeza kitufe kwa kidole kimoja.
Likashika, kimya.
Akasimama akilitazama jiwe langu
kwa namna ambayo hakulitazama gari lake siku nzima.

"Lile la manjano," nikamwuliza, "lilikwenda kwa nani?"
"Kijana mmoja wa Chikongola. Anauza rangi."
"Na ubeti? Aliufuta?"

Alikuwa anamvisha mtoto kiatu, taratibu,
asije akamwamsha.

"Sikumwuliza."