Nani Anakupokea

Wengine walikuja na swali mkononi kama fimbo:
ulikunywa?
Nilikunywa.
Andika hapo, dada, wino usikauke.
Nilikunywa kwa sababu nilikuwa napika,
na mpika nipa asiyeonja hauzi hata glasi.
Tone la kwanza unalitupa motoni:
likiwaka buluu, limeiva.
La pili, ulimi ndio hakimu.
Ulimi wangu ulihukumu msimu mzima wa mabibo,
tumbo likiwa la miezi minne, mitano, saba.

Hakuna aliyeniambia.
Au waliniambia, nikasikia
kama mtu anavyosikia redio ya jirani.
Hapa Mahuta mama yangu alikunywa uraka akiwa nami,
ule mtamu wa asubuhi, wa kukata kiu
maji yakiwa ya kununua kwa ndoo.
Na maji niliyonunua mimi
yalipoza mrija wa shaba
kabla hayajafika kooni mwa mtu.

Twalibu alizaliwa na kilo moja na kitu,
kilio chembamba, kama bati linakatwa.
Mdomo wa juu bapa,
kile kijito cha chini ya pua hakikuchimbwa.
Titi lilimwogopesha.
Kikombe kikianguka, anashtuka.
Jogoo akiwika, anashtuka,
mpaka nikajifunza kutembea ndani ya nyumba yangu
kama mwizi.

Mtoto wa nipa, wakasema.
Wa kwanza kulisema ni Bwana Namalenga,
ambaye mpaka leo nina deni lake ukutani,
chupa kumi na moja.
Baba yake Twalibu alifuata bei ya ufuta Masasi.
Akapiga simu mara mbili.
Kisha simu ikawa haipatikani.

Wewe, Bi Somoe, ulikuja Jumanne,
kiatu umekifunga kwa kamba ya katani,
na mimi majibu yote nilikuwa nimeyapanga.
Hukuuliza.
Ulikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
ukamtazama mtoto, ukanitazama mimi
muda uleule,
ukasema: Usiku, nani anakupokea?

Nikadhani sijasikia.

Nani anakupokea mtoto, ukarudia, ulale?

Nimetukanwa, sikulia.
Nimeachwa, sikulia.
Swali lile dogo
lilinivunja kama korosho mbichi chini ya jiwe,
na utomvu wake unaunguza, unajua.

Ukaziba dirisha kwa gunia.
Ukamfunga kwa kitenge, mikono ndani.
Kijiko, subiri. Kijiko, subiri.
Halafu ukatoka, nikadhani umeondoka,
kumbe umekwenda kugonga milango.
Ukarudi na kipande cha mkaa
ukaandika palepale penye madeni:
Jumatano, Fatu Mchopa.
Ijumaa, mama mkwe (mguu ukimruhusu).
Mama mkwe! Aliyeapa
hatakanyaga uwanja wenye pipa langu.

Mrija wa shaba sikuutupa, sitadanganya.
Niliuuza kwa wa vyuma chakavu,
nikanunua sabuni, dagaa, na kandambili.
Na mwezi wa pili nilianguka.
Ukaja Jumanne kama kawaida.
Ulinusa, najua ulinusa.
Ukachemsha uji wa watu watatu.

Sasa ana miaka minne.
Daktari wa Ndanda hakutufichia:
hili haliponi, mama, huyu atafika kwa njia ndefu.
Basi tuko njiani.
Anahesabu korosho kwenye ungo:
moja, mbili, moja.
Nami nasema moja, mbili, tatu,
naye ananitazama kwa huruma
kama mimi ndiye niliyekosea,
anaanza upya: moja, mbili, moja.

Usiku bado huamka.
Leo kaamka mara tatu, na alfajiri iko mbali.
Namtembeza, mgongo unaita.
Kisha mlango unasukumwa taratibu,
taratibu, na mtu anayejua bawaba yake.
Ni Fatu. Ndala kaziacha nje.
Hapigi hodi, ananyoosha mikono.
Nipe, anasema.

Nampa.
Nalala.