Tandiko Tupu

Szeged, Januari. Mto Tisza umeganda kingo zote mbili,
katikati maji yanapita meusi, hayana haraka.
Nimewasha taa za maabara kabla jogoo yeyote hajawika,
nimevua glavu za sufu, nimevaa za mpira.

Panya ishirini, wote madume.
Wiki tano tangu Daktari Szendrey awatoe tezi ya pituitari,
kitu kidogo kama punje ya mtama
kikaacho chini ya ubongo, ndani ya kishimo cha mfupa
ambacho wana-anatomia hukiita tandiko la Kituruki.
(Waturuki walitukalia hapa karibu karne moja na nusu.
Walishaondoka. Tandiko limebaki vichwani.)

Tumewanywesha maji ya sukari wasife.
Hawakui. Manyoya yamerudi kuwa laini, ya kitoto,
korodani zimenywea.
Ndivyo inavyokuwa mtawala akiondolewa:
mikoani barua haziji,
kila kiungo kimekaa kinasubiri amri.

Kazi yangu ni ya visu na barafu.
Nakata ubongo, nautenga upande wa hipothalamasi,
nasaga, nazungusha, nachanganya na kingamwili,
kisha navipanga vijichupa katika mashine ihesabuyo mionzi
nami nasimama mlangoni na kikombe changu cha chai.
Tunatafuta prolaktini, homoni ya maziwa,
ili tuandike sifuri.
Sifuri tu, mstari mmoja chini ya jedwali,
watu waendelee na mambo mengine.

Mashine ikaanza kutatarika.

"Umechafua vijichupa, Bi Piroska," akasema Daktari.
Nikaviosha kwa asidi. Nikarudia.
"Basi kuna mabaki ya tezi."
Nikafungua mafuvu yote ishirini chini ya darubini,
tandiko baada ya tandiko:
tupu, tupu, safi kama kisahani alichokilamba paka.
Nikarudia mara ya tatu, Februari ikaingia.

Ilikuwa humo. Kidogo, haijazi hata kisoda,
lakini humo humo, ndani ya chembe za neva,
asidi za amino zimetungwa moja moja kama shanga
na fundi asiyetumwa na mtu.
Tezi haikuwapo tena kuileta.
Ubongo ulikuwa unajipikia.

Maziwa, tena kichwani mwa dume!
Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka,
akavua miwani, akaifuta kwa tai,
akasema nirudie mara ya nne.

Usiku ule nilivuka daraja kwa miguu.
Nilimkumbuka baba, Ambrus, mtu wa kiwanda cha soseji,
vidole vyekundu kwa paprika hata Jumapili.
Mama alikufa nikiwa na siku kumi na moja.
Wanawake wa mtaani wakamwambia: mpeleke kwa masista,
mwanamume hana cha kumpa.
Alinunua mbuzi, akamfunga bafuni.
Alichemsha maziwa, akayadondosha tone kwenye kiwiko kupima moto,
akanilaza kifuani, shati wazi,
na (aliniambia mara moja tu, amelewa, anaona haya)
aliamka dakika moja kabla sijalia.
Kila usiku. Kabla.

Sisemi kitu. Ninajua kilichopimwa:
panya ishirini, nanogramu chache,
kosa la asilimia tisa.
Inafanya nini humo, hatujui bado;
tumeandika hivyo hivyo, "hatujui bado",
na sentensi hiyo niliipiga chapa mimi mwenyewe.

Ila nilisimama pale darajani, barafu ikilia chini,
nikaweka kiganja kisogoni, juu ya kofia,
kama mtu agusaye ubavu wa chungu
ajue kama jikoni bado kuna moto.