Koti la Baba Enea

Ulipokuja kuliomba lilikuwa msumarini,
bado linanuka moshi na pareto.
Mwenyewe tulimzika Juni,
Bulongwa mitungi ikipasuka kwa baridi.
"Siwezi kupanda jukwaani na sweta, mama."
Nikakupa. Kifungo cha tatu nikakishona kwa uzi wa bluu,
mweusi ulikwisha.

Ukashinda. Miaka kumi na tano, Ananias,
nakusikia redioni ukiapa, ukijiuzulu, ukiapa tena,
naibu, kisha waziri kamili,
na barabara yetu inapimwa, inapimwa,
vigingi vyake tukakokea moto.

Mwaka huu kura hazikutosha.
Juzi umekuja na lori la viazi,
umebanana na utingo,
mfuko wa nailoni kwapani.
"Nimelileta, mama."

Linanukia sabuni ya hoteli.
Mfukoni risiti ya Dodoma, peremende moja,
na hotuba iliyokunjwa mara nne
ambayo redioni sikuisikia:
jina la kijiji chetu limepigiwa mstari.

Uzi wa bluu haujakatika.
Nimekishika kifungo. Wewe uko mlangoni, unatetemeka,
nami sijui nikuvishe
au nilirudishe msumarini.