Daftari la Dume

Juni. Nampasua wa kwanza, samaki wa ndevu moja,
Saammal Kuuva kamtoa kilindini,
kule joto la kiangazi lisikobisha hodi.
Korodani: nyuzi mbili, rangi ya maji ya mchele.
Gramu tatu. Naandika tatu.
Jua la Inari limekataa kulala, nami pia.

Julai, tatu. Agosti, nne kasoro.
Hali, hasogei, kajibanza chini ya jiwe
kama mtu aliyezuiliwa mshahara.

Kisha giza laanza kuumega mchana,
na yeye asiye na saa wala kalenda
anahesabu kwa jicho lile dogo, la matope:
Septemba kumi. Oktoba arobaini.
Novemba nabadili mizani.
Desemba zimetuna, nyeupe, zimejikunja kunja,
ukizigusa tu, maziwa.
Baridi iliyoua viazi vya jirani
ndiyo inayompikia huyu.

Nilipimwa mimi pia, Rovaniemi.
Kikombe cha plastiki, picha ya mlima ukutani.
Daktari hakuuliza huu ni msimu gani.
Alitaja namba, akaitaja polepole,
kama anayemimina maji ya moto karibu na mtoto.
Hilja alinishika kiwiko hadi kituo cha basi.
Jina lake, kwa lugha yao, lina kimya ndani yake;
tangu siku ile tunaishi humo wote wawili.

Namba yangu haina Agosti. Haina Novemba.
Ni ileile, mwaka kucha.

Februari, Saammal kapiga simu:
«Leo acha kisu. Njoo na mkeo.»
Barafu ilifika pajani. Akatoboa,
akatandika ngozi ya kulungu, tukalala kifudifudi,
sikio tunduni, shavu likiungua kwa baridi.
Mwanzo hakuna kitu.
Halafu, du.
Du-du. Du.
Madume, chini huko, gizani kwenye giza,
wamejiviringa donge moja na majike,
kila mmoja anapiga kibofu chake cha hewa
kwa msuli aliouotesha kwa kazi hiyo.
«Wiki ijayo watakuwa mifuko mitupu,» Saammal akasema.
«Hawaombolezi. Wanashuka, wanalala.»

Hilja akainua kichwa, barafu kwenye kope.
«Wanagonga,» akasema, «kama wenye kudai kodi!»
Akacheka. Kwa sauti. Mvuke ukamtoka
ukaenda zake ziwani.

Machi. Gramu kumi na moja, zimelegea, wekundu wa damu iliyochoka.
Naandika kumi na moja.
Na pembeni, kwenye safu ya maelezo
ambayo kwa miaka tisa sijaijaza,
naandika: Hilja kacheka.
Mkuu wa kituo atauliza hicho ni kipimo gani.